Swala wa kisu tupu anapasuka kifuani: tatizo ni mti, kisu au mafuta?

#1 Chonga_Taratibu
Wakuu, salama. Tuchambue jambo moja kwa kina. Swala mdogo wa kuchonga kwa kisu peke yake, bila tezo wala patasi. Urefu cm 9 hadi masikioni, miguu mm 6. Mti ni jakaranda, tawi bichi la kipenyo cha cm 5, halijapasuliwa, limekatwa kwa msumeno na kumenywa gome tu. Anachongwa, anapigwa msasa, anapakwa mafuta ya kitani, anawekwa rafuni. Wiki chache baadaye ufa unatokea kifuani na kupanda wima hadi mgongoni. Miguu ya nyuma nayo inakatika pale pale juu ya goti.

Dai langu: shida ni ubichi tu. Mti ungekuwa mkavu haya yasingetokea. Nani anapinga?

#2 Mzee wa Tezo
Napinga nusu. Ubichi upo, lakini tawi hilo hata ukilikausha polepole mwaka mzima litapasuka, kwa sababu umeuacha moyo ndani.

Mti haunywei sawa pande zote. Kwa urefu wa nyuzi haupungui karibu chochote. Kutoka moyoni kwenda gomeni unapungua kidogo. Kuzunguka pete unapungua karibu mara mbili ya hapo. Sasa chukua tawi la duara lenye moyo katikati: mzunguko unataka kufupika kuliko kipenyo kinavyoruhusu, lazima pafunguke mahali. Na panapofunguka ni ufa mmoja mrefu kutoka nje hadi moyoni, wima, huo huo unaouona.

Tafuta tawi nene, cm 10 au 12. Lipasue kwa panga na rungu katikati ya moyo, kila nusu uipasue tena. Kwenye kila robo ondoa ile kona yenye moyo, upana wa kidole. Swala atoke hapo. Kupasua kwa panga badala ya msumeno kuna faida ya pili: panga linafuata nyuzi, kwa hiyo ukiona uso umejipinda unajua mapema kwamba mti umejisokota, unautupa jikoni.

#3 BintiMwenge
Mzee, wewe wa tezo umefuata nini kwenye uzi wa kisu? 😄

Ila hapo kwenye moyo nakuunga mkono. Niongeze tu kwamba hata moyo ukiwa umebaki pembeni, karibu na ngozi ya mgongo, bado unaleta vijinyufa vidogo vidogo kama mionzi. Uondoke wote.

#4 NoaKwanza
Mnazungumzia mti tu, kisu hamkigusi. Kisu butu hakikati nyuzi, kinazikandamiza kwanza ndipo kinazichana. Chini ya uso unaouona pamebaki nyuzi zilizovunjika. Msasa unafunika, mafuta yanafunika, mti ukinywea pale ndipo pa kwanza kuachia. Miguu kukatika juu ya goti ni ushahidi: hapo ndipo watu huingiza ncha na kuizungusha ili kutoa kipande.

Jaribio la makali: kata kichwa cha kipande laini cha jakaranda, yaani kukatiza nyuzi. Uso ung'ae. Ukiona mistari myeupe inayofuatana na mwendo wa kisu, kila mstari ni pengo kwenye makali. Uso ukiwa na manyoya, rudi kwenye jiwe.

Mpangilio wangu: jiwe la kunolea la namba 400 kuondoa mapengo, 1000 kulainisha, halafu mkanda wa ngozi uliobandikwa kwenye ubao na kupakwa dawa ya kung'arishia chuma. Kwenye ngozi kisu kinavutwa kinyume na makali, hakisukumwi, la sivyo unaikata ngozi. Kila nusu saa ya kuchonga, mivuto kama 20 kila upande. Pembe ya makali, pande zote mbili kwa pamoja: digrii 20 kwa jakaranda, 25 kwa mwarobaini, 30 kwa mpingo. Ukitumia 20 kwenye mpingo makali yanamomonyoka.

#5 Mzee wa Tezo
@NoaKwanza hiyo inaeleza miguu. Haielezi ufa wa kifuani unaofika mgongoni. Kisu butu hakipasui mti wa cm 4 kutoka upande hadi upande.

#6 NoaKwanza
Hakipasui, kinauanzishia ufa. Ufa hauanzi hewani, unaanza penye jeraha.

#7 Pwani_Fundi
Niweke tarakimu ili tusibishane gizani. Mti haunywei mpaka unyevu wake ushuke chini ya kama asilimia 30 ya uzito mkavu. Juu ya hapo maji yanatoka kwenye matundu tu, umbo halibadiliki. Ndiyo maana swala mbichi anaonekana mzima anapotoka mkononi. Ukiacha kipande kwenye hewa yenye unyevu wa asilimia 65, kitatulia karibu na asilimia 12. Hewa ya Mombasa au Tanga inakiacha juu zaidi ya hapo. Ndani ya nyumba ya Ulaya yenye hita wakati wa baridi kinashuka hadi 6 au 8. Kwa hiyo mti "mkavu" wa Pwani si mkavu kwa mteja wa Hamburg. Sanamu inaondoka nzima inapasukia huko, na lawama zinarudi kwa mchongaji.

Kwa hiyo @Chonga_Taratibu, swali la kwanza: huyo swala alihama? Alichongwa wapi, amewekwa wapi?

#8 Chonga_Taratibu
Hapana, hajahama. Rafu iko dirishani, jua la saa tisa linapiga.

#9 Pwani_Fundi
Basi na dirisha nalo limo kwenye orodha ya watuhumiwa. Upande mmoja unakauka, wa pili bado.

#10 Tupa_na_Msasa
Naona wote mmepita mafuta bila kusimama. Mafuta ya kitani yakipakwa kwenye mti mbichi yanaziba ngozi, ndani kunabaki maji. Na hayazibi sawasawa: vichwa vya nyuzi, yaani chini ya kwato na ncha ya pua, vinaendelea kupumua kuliko ubavuni. Kifua cha swala kina sehemu ya nyuzi zilizokatizwa, ndiyo inapoteza maji haraka. Ufa hapo.

Fanya kinyume. Kabla ya kukausha, paka nta ya moto au gundi nyeupe ya mbao kwenye vichwa vya nyuzi pekee, ubavu uache wazi. Mafuta yaje mwisho kabisa.

Na wanaopaka mafuta ya nazi waache. Hayakauki milele, yanavuta vumbi, baadaye yananuka. Alizeti nayo inanata miezi. Kitani au nta ya nyuki.

#11 BintiMwenge
Tahadhari moja kabla hatujasahau: kitambaa chenye mafuta ya kitani usikikunje ukakitupa kwenye pipa la randa. Mafuta yakikauka yanazalisha joto, na kitambaa kilichofinyangwa kinaweza kuwaka chenyewe bila kiberiti. Kitandaze kwenye kamba hadi kikauke kabisa au kitie kwenye maji.

#12 Kipande_cha_Mwisho
Mimi nipo upande wa nyuzi. Hebu turudi kwenye mchoro wenyewe. Swala aliyesimama ana miguu minne wima, shingo ya kuinamia mbele, pua ya kulala, masikio ya kwenda pembeni. Nyuzi haziwezi kufuata vyote, lazima uchague. Kanuni ni kufuata kilicho chembamba zaidi na kirefu zaidi, ambacho ni miguu. Nyuzi ziwe wima. Pua itakuwa imekatiza nyuzi, kwa hiyo ifanye fupi na nene. Masikio yalaze nyuma yagusane na shingo, usiyasimamishe hewani. Pembe zielekee juu au ziegemee.

Sasa goti la nyuma la swala limepinda, si ndiyo? Ukichonga ule mpindo kwa uhalisia, mguu unatoka nje ya mstari wa nyuzi halafu unarudi. Pale kwenye mpindo nyuzi zote zimekatwa, zimebaki vipande vifupi vilivyoshikana ubavu kwa ubavu. Hata kuugusa na msasa unakatika. Huo si ukavu wala ubutu. Ni mchoro.

Suluhisho ni kunyoosha mpindo na kuudokeza tu. Kata mfereji mdogo nyuma ya goti, kina mm 1, na mwingine mbele chini yake kidogo. Jicho la mtazamaji litamalizia. Ndani ya mguu, nyuzi angalau mm 4 zipite moja kwa moja kutoka nyonga hadi kwato.

#13 Mzee wa Tezo
@Kipande_cha_Mwisho hapo umesema. Na asitenganishe miguu mapema. Aache daraja la mti kati ya miguu ya mbele na ya nyuma mpaka kichwa, shingo na mgongo viishe. Miguu ibaki mm 8 muda wote huo, ishuke hadi mm 6 siku ya mwisho.

#14 Mwanagenzi_TZ
Habari za jioni. Ninafuatilia kwa makini. Daraja linatolewaje kwa kisu tu bila kuvunja mguu? Mkono hauingii.

#15 Kipande_cha_Mwisho
Swali zuri. Kwanza piga mstari wa penseli ndani ya kila mguu. Fuata mstari huo kwa ncha ya kisu, wima, kina mm 1 tu. Huo ni mkato wa kuzuia: chochote utakachokata baadaye kikielekea mguuni kitaishia hapo. Laza kisu, kata kutoka katikati ya daraja kuelekea ule mkato, kipande chembamba kitoke. Rudia upande wa pili. Kisha mkato wa kuzuia tena, mm 1 tena. Unashuka kwa ngazi. Geuza sanamu, fanya hivyo hivyo upande mwingine, mpaka mikato ikutane katikati. Ukitokeza tundu, lipanue polepole kutoka tumboni kwenda chini, kamwe usitoke chini kwenda tumboni, kwa sababu ufa ukianza kwatoni unapanda na nyuzi mpaka nyongani.

Kwenye mabonde, kama chini ya shingo, kisu kiteremke bondeni kutoka pande zote mbili na mikato ikutane chini. Ukiteremka ukaendelea kupanda upande wa pili, makali yanaingia katikati ya nyuzi na kung'oa kipande.

Shika sanamu kwa mkono wa kushoto, gumba la kushoto lisukume mgongo wa kisu. Mkono wa kulia unaongoza tu. Mkato mfupi, mm 5 hadi 10. Wenye nguvu za bega ndio wanaovunja.

#16 BintiMwenge
Na kwa mikato ya kujivutia, kama ya kumenya mhogo, vaa kipande cha tyubu ya baiskeli kwenye gumba linalopokea kisu. Viwiko juu ya magoti, kazi iwe mbele ya magoti. Usichongee juu ya paja. Kuna mshipa mkubwa hapo, ukikatika hufiki zahanati.

#17 Msumeno_Mweusi
Kuhusu kisu: chukua kipande cha msumeno wa kukatia chuma, saga meno, funga mpini wa mpera. Kinakata kuliko kisu chochote cha dukani. Ila ukisaga kwenye mashine kisigeuke buluu, kikigeuka kimekufa.

#18 NoaKwanza
@Msumeno_Mweusi samahani, hapo kuna makosa mawili. Msumeno wa mkono wa siku hizi mara nyingi ni wa vyuma viwili: meno ndiyo magumu, mgongo ni chuma cha kunyumbuka, laini. Ukisaga meno umetupa sehemu nzuri, makali yatakayobaki hayadumu. Unaotakiwa ni ule mpana wa mashine, mgumu mwili mzima. Huo ukigeuka buluu haufi, kwa sababu buluu ni kama digrii 300 na chuma chake kinavumilia hadi karibu 550. Kinachokufa kwa buluu ni chuma cha kawaida cha kaboni, kama cha tupa au panga. Hicho ndicho cha kuchovya majini kila unapogusa jiwe.

#19 Msumeno_Mweusi
Nimekupata mkuu. Wa mashine ndio nilioukusudia, nilitakiwa kutaja. Ila huo ukipinda kidogo unakatika kama kioo, kwa hiyo mpini ushike zaidi ya nusu ya chuma. Makali yaliyo nje yasizidi cm 4.

#20 Changamwe_Kwetu
Hii mada ingeisha kama angebadilisha mti. Jakaranda kwa miguu ya mm 6 ni kujitafutia. Ni laini, ni mweupe, unaingiwa na kuvu ya buluu ukiufunga kwenye nailoni. Mwarobaini una uzito, una rangi, na bungua hawaupendi.

#21 Kipande_cha_Mwisho
Mwarobaini nyuzi zake zimepishana, tabaka hili linalala kulia, linalofuata kushoto. Kwa tezo na msasa sawa. Kwa kisu tupu, mkato ule ule unaokwenda vizuri mm 10 unang'oa mm 10 zinazofuata. Mwanagenzi ataukimbia. Jakaranda au msufi pori kwa kujifunzia, baadaye mwembe, baadaye mwarobaini. Mpingo mwisho kabisa.

#22 Tupa_na_Msasa
Mpingo kwa kisu tupu unawezekana, ila ni kukwangua zaidi ya kukata. Kisu kinasimama karibu wima na kutoa unga. Vaa barakoa, vumbi lake linawasha ngozi na mapafu. Ukiacha sehemu nyeupe ya nje kwenye kinyago kwa ajili ya urembo, fahamu kwamba inanywea tofauti na nyeusi, na bungua wanaingilia hapo.

Wanunuzi: mti mweupe uliopakwa polishi nyeusi ya viatu unauzwa kila siku kama mpingo. Mpingo halisi unazama kwenye maji. Ukiona kinaelea, umeuziwa polishi.

#23 Mwanagenzi_TZ
Kuna mahali nimesoma kwamba kusafirisha mpingo nje sasa ni marufuku?

#24 Pwani_Fundi
Si marufuku. Mpingo ni wa jamii ya Dalbergia, ambayo karibu yote iliingizwa kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kuanzia Januari 2017, maana yake ni vibali. Mwaka 2019 vitu vilivyokamilika viliondolewa masharti hayo kama mti wenyewe hauzidi kilo 10 kwa mzigo mmoja. Swala wako wa gramu 80 hana shida huko. Vibali vya misitu vya nchi yako ni habari nyingine, uliza ofisi ya misitu.

#25 Changamwe_Kwetu
Kidogo nje ya mada. Mnabishana mguu wa swala wakati Wazaramo walishalimaliza zamani. Mtazameni mwana hiti, kisanamu chao cha mwali: kiwiliwili ni mche wa duara, kichwa kina vishungi viwili, matiti madogo, hana mikono wala miguu. Nyuzi zote zinakwenda juu hadi chini bila kukatizwa. Mwali anashinda naye ndani na havunjiki.

#26 BintiMwenge
@Changamwe_Kwetu mwana hiti hakuchongwa hivyo kwa kuogopa kuvunjika, umbo lake lina maana zake za unyago. Lakini kwa mwanagenzi ni somo zuri, nakubali.

Na tukigusa Wazaramo: Mutisya Munge wa Wamunyu, Kenya, aliyeanzisha uchongaji wa biashara Ukambani, alijifunzia Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza. Wapo wanaoandika ni kwa Wazaramo, wapo wanaoandika ni kwa Wamakonde.

#27 Changamwe_Kwetu
Wazaramo. Kazi za mwanzo za Wakamba hazifanani na Kimakonde hata kidogo.

#28 Mzee wa Tezo
Kufanana si ushahidi. Mtu anajifunza kushika kisu kwa mmoja, anachonga anachokijua kwao. Turudi kwa swala.

#29 Seremala_wa_Bara
Hakuna aliyetaja kuchemsha. Chonga swala mnene, acha mm 4 za ziada kila upande, mchemshe saa moja kwa kila cm 2.5 ya unene, mtoe, mfunge kwenye gazeti, mweke kivulini. Nyufa zinapungua sana, na wanga unapungua, kwa hiyo bungua nao hawana chakula. Wengine wanasema kata mti mwezi ukiwa umekufa ili usibunguliwe.

#30 Pwani_Fundi
Kuchemsha sipingi, ingawa kunafifisha rangi ya mwarobaini. Mwezi napinga. Bungua wanafuata wanga kwenye sehemu ya nje ya mti, na wanga hubadilika na majira, mti unapochipua na unapopukutisha. Dawa ya uhakika ni boraksi ndani ya maji ya moto, kipande kilowe kabla ya mafuta.

#31 Seremala_wa_Bara
Wazee waliojenga kwa boriti hawakuwa wajinga, mkuu.

#32 Pwani_Fundi
Sijasema hivyo. Boriti ni mkoko, uko kwenye chumvi na matanini. Jakaranda siyo mkoko.

#33 Chonga_Taratibu
Shukrani wote. Hadi sasa nimehesabu moyo, dirisha, mafuta, kisu, mpindo wa goti na aina ya mti. Nitajuaje ni kipi?

#34 Mzee wa Tezo
Tawi moja, la jakaranda hiyo hiyo. Toa vipande vinne vya cm 10. Cha kwanza duara chenye moyo. Cha pili robo bila moyo, wazi. Cha tatu robo, vichwa vimepakwa nta. Cha nne robo iliyochemshwa. Vyote kwenye mfuko wa karatasi wenye randa kavu, kivulini. Pima kwenye mizani ya jikoni kila Jumapili, andika gramu kwa penseli kwenye kipande chenyewe. Uzito ukikaa pale pale mara tatu mfululizo, kimetulia, chonga.

#35 Tupa_na_Msasa
Ongeza cha tano: robo iliyopakwa mafuta ikiwa mbichi. Na kimoja kiwekwe dirishani.

#36 NoaKwanza
Na cha sita: robo bila moyo, nusu ya uso ichongwe kwa kisu kilichonolewa, nusu kwa kisu butu, mti ukiwa mbichi. Bila hicho mnapima nadharia ya Mzee peke yake.